Ugonjwa wa Moyo Utambuliwe Tangu Namswea

Mwaka 2008 wataalamu wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili walianza kufanya upasuaji wa moyo wa kufungua kifua hapa hapa nchini. Kabla ya hapo mgonjwa aliyehitaji upasuaji wa aina hiyo hakuwa na njia ila kupelekwa ng'ambo, hasa India, kwa gharama ya fedha za kigeni, na walio wengi hawakuipata nafasi hiyo. Mwaka 2015 ikaundwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete katika eneo lile lile la Muhimbili. Leo wataalamu wa Taasisi hiyo huchunguza hata njia za umeme wa moyo na kuzitibu kwa waya maalumu unaopitishwa ndani ya mishipa ya damu. Mkurugenzi wake wa kwanza, Profesa Mohamed Janabi, alichaguliwa mwaka 2025 kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani katika Kanda ya Afrika. Haya ni maendeleo ambayo kila mwananchi ana haki ya kujivunia.

Hata hivyo maendeleo hayo hayatakamilika mpaka yatakapomfikia mkulima wa kahawa wa kata ya Namswea, wilayani Mbinga, ambaye kutoka kwake hadi Dar es Salaam ni mwendo wa yapata kilomita 1,000. Mkulima huyo akianza kuhisi moyo unakwenda mbio bila sababu, akashindwa kupanda mlima alioupanda tangu utotoni, swali la kwanza halihusu mashine zilizoko Upanga. Swali ni nani atakayemshika mkono, ahesabu mapigo yake kwa dakika nzima, atambue kwamba hayaendi sawa, na ajue la kufanya baada ya hapo. Kama mtu huyo hayupo, basi mashine zote za Dar es Salaam kwa mkulima yule ni hadithi ya mbali.

Jambo hili linawahusu watumishi wa Serikali na walimu kuliko wanavyodhani, na kwa hiyo yafaa lielezwe kwa ukamilifu.

Moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu, viitwavyo atria, hupokea damu. Viwili vya chini huisukuma. Atria ya kushoto iko nyuma kabisa ya moyo, karibu na mgongo, ikiwa imelala juu ya umio. Huingiwa na mishipa, kwa kawaida minne, inayoleta damu safi kutoka mapafuni, nayo huipitisha damu hiyo katika mlango uitwao vali ya mitrali hadi chumba cha chini cha kushoto, ambacho huisambaza mwilini kote. Pembeni mwa atria hiyo kuna kifuko kidogo chenye umbo kama la sikio. Kifuko hicho ni kidogo, lakini madhara yake yaweza kuwa makubwa sana, kama itakavyoonekana.

Vyumba hivi havijiendei ovyo. Vinaongozwa na umeme unaoanzia katika kituo kimoja kilichoko kwenye atria ya kulia. Kituo hicho kilitambuliwa mwaka 1907 na Arthur Keith na Martin Flack wa Uingereza. Mwaka mmoja kabla yao, Mjapani Sunao Tawara, aliyekuwa akifanya utafiti Ujerumani, alikwisha kueleza kituo cha kati kinachoupokea umeme huo na kuupeleka vyumba vya chini. Kwa mtu mzima mwenye afya, akiwa ametulia, amri hiyo hutolewa kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, moja baada ya nyingine, kwa nafasi iliyo sawa.

Ugonjwa unaozungumzwa hapa hutokea amri hiyo inapopinduliwa. Badala ya kituo kimoja kuongoza, cheche za umeme huzuka na kuzunguka ovyo ndani ya atria, hasa ile ya kushoto, mara 350 hadi 600 kwa dakika. Atria haipigi tena, inatetemeka tu. Waganga huita hali hiyo fibrilesheni ya atria. Kituo cha kati hakiwezi kupitisha fujo yote hiyo, hivyo hupitisha baadhi ya cheche na kuzuia nyingine bila mpango, na chumba cha chini hupiga haraka na bila nafasi maalumu. Pana hali nyingine iitwayo flata, ambapo umeme huzunguka katika njia moja kama gari lililokosa pa kutokea, yapata mara 300 kwa dakika. Hapo mapigo yaweza kuwa ya haraka lakini yenye mpangilio, na ndiyo sababu flata humdanganya hata mganga mwenye uzoefu.

Mgonjwa hufa kwa kitu gani? Mara nyingi kwa kiharusi au kwa moyo kushindwa kazi. Damu iliyotuama katika kile kifuko cha atria ya kushoto huganda kama maziwa yaliyoachwa kwenye kibuyu. Siku moja kipande cha bonge hilo kikichomoka, hubebwa na damu hadi kwenye ubongo na kuziba mshipa. Mtu aliyelala mzima huamka amepooza upande mmoja na hawezi kusema. Utafiti wa muda mrefu wa mji wa Framingham nchini Marekani ulionyesha, katika taarifa yake ya mwaka 1978, kwamba fibrilesheni huongeza hatari ya kiharusi zaidi ya mara 5, na pale inapoambatana na ugonjwa wa vali unaotokana na homa ya baridi yabisi, hatari hiyo huongezeka zaidi ya mara 17.

Kauli hiyo ya mwisho ndiyo inayopaswa kuzingatiwa Mbinga na kila wilaya ya nchi hii. Katika nchi tajiri fibrilesheni ni ugonjwa wa wazee. Katika nchi maskini huwapata pia vijana, kwa sababu mlango wa mitrali uliharibiwa wakiwa bado shuleni. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 14, nyingi zikiwa za Afrika, ukachapishwa mwaka 2015, ulihusu wagonjwa 3,343 wa moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi. Nusu yao walikuwa na umri usiozidi miaka 28, theluthi mbili hivi walikuwa wanawake, na takribani mmoja katika kila watano alikuwa na fibrilesheni. Hao ndio mama wa watoto wadogo, ndio wachumaji wa kahawa, ndio walimu wa shule za msingi.

Mkondo wa ugonjwa huo unajulikana. Mtoto wa kati ya miaka 5 na 15 hupata maumivu ya koo yanayosababishwa na bakteria. Wazazi husema ni mafua, yatapita; na kweli koo hupona. Baada ya wiki mbili au tatu mwili, ukiwa bado unapigana na bakteria wale, hugeuka na kuushambulia moyo wenyewe. Mtoto hupata homa, na viungo vikubwa huvimba na kuuma kimoja baada ya kingine, leo goti, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko. Hayo nayo hupita. Lakini kila mara homa hiyo inaporudi, vali ya mitrali hupata makovu mapya, hukakamaa na kusinyaa, na damu hukwama nyuma yake. Atria ya kushoto hutanuka mwaka hata mwaka, kuta zake huwa na makovu, na katika makovu hayo ndimo umeme unapopotea njia. Kati ya koo lililouma na mapigo yaliyovurugika yaweza kupita miaka 10 au 20. Hiyo ni miaka 10 au 20 ya nafasi ya kuzuia, na kwa wengi nafasi hiyo hupotea.

Jinsi ya kuugundua ugonjwa huu ni ngazi yenye vidato, na kila kidato kina mwenye nacho.

Kidato cha kwanza hakihitaji umeme wala fedha. Ni vidole viwili vilivyowekwa penye mshipa wa kifundo cha mkono, na saa yenye mshale wa sekunde. Mapigo yahesabiwe kwa dakika nzima, si robo dakika na kuzidisha kwa nne, kwa kuwa mapigo yaliyovurugika hayazidishiki. Kisha mhudumu asikilize moyo kwa stetoskopu na kuhesabu tena. Kama moyo unapiga mara 130 na mkononi zimefika 100 tu, maana yake mapigo 30 yalikuwa dhaifu mno hata hayakufika mkononi, na hiyo ni dalili kubwa. Atazame pia shingo, kwani tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huweza kuuvuruga moyo kwa namna hii hii. Apime shinikizo la damu. Aulize habari za pombe, na aulize kama mgonjwa aliwahi kuvimba viungo utotoni. Yote haya huweza kufanyika katika zahanati ya kijiji, chini ya robo saa.

Kidato cha pili ni kipimo cha umeme wa moyo, ambacho waganga hukiita ECG. Chanzo chake ni mashine aliyoibuni Mholanzi Willem Einthoven mwanzoni mwa karne ya 20, iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Kwa kuitumia mashine hiyo Thomas Lewis wa London alithibitisha mwaka 1909 kwamba mapigo yasiyo na mpango, ambayo waganga waliyajua kwa miaka mingi bila kuyaelewa, hutokana na mtetemo wa atria. Leo mashine hiyo hubebwa kwa mkono mmoja. Katika karatasi yake, wimbi dogo linaloonyesha pigo la atria likitoweka, na nafasi kati ya mapigo makubwa zikawa hazilingani, fibrilesheni imepatikana. Pale ambapo fujo huja na kuondoka, mgonjwa hufungwa kinasa mapigo kwa muda wa siku nzima au zaidi. Wazo hilo liliasisiwa na Norman Holter wa Marekani, na jina lake ndilo kinachoitwa kipimo hicho hadi sasa.

Kidato cha tatu ni picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, yaani eko. Hiyo ndiyo inayoonyesha ukubwa wa atria ya kushoto na hali ya vali ya mitrali. Bila eko, mganga anajua kwamba moyo umevurugika, lakini hajui ni kwa nini. Na sababu ndiyo inayoamua dawa.

Kidato cha mwisho ni uchunguzi wa ndani. Waya mwembamba hupitishwa katika mshipa wa paja hadi atria ya kulia, ukavuka ukuta wa katikati kuingia ya kushoto, na kuchora ramani ya umeme sehemu kwa sehemu. Ilikuwa kwa njia hiyo kwamba Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha mwaka 1998 kuwa cheche nyingi zinazoanzisha fibrilesheni hutoka katika ile mishipa ya mapafu inayoingia atria ya kushoto, na kwamba zikizimwa kwa joto la ncha ya waya wagonjwa wengine hupona. Mizunguko migumu zaidi, hasa flata ya upande wa kushoto ambayo huwapata waliokwisha kupasuliwa au wenye makovu, haiwezi kutambulika kwa uhakika katika karatasi ya ECG peke yake. Huhitaji ramani hiyo ya ndani, na wataalamu waliosoma kwa miaka mingi.

Ni dhahiri kwamba kidato cha mwisho hakiwezi kujengwa Namswea, wala hakuna mwananchi mwenye busara anayedai hivyo. Wala hakifai kila mgonjwa. Yule ambaye vali yake imeharibika sana huhitaji kwanza vali ishughulikiwe. Lakini hakuna mgonjwa anayeanzia kidato cha mwisho. Aliyeko juu alipandishwa na aliyeko chini. Kama kidato cha chini kimevunjika, ngazi nzima ni mti uliosimama tu.

Watakuwapo watakaosema kwamba ugonjwa huu ni wa watu wachache, na kwamba wilaya ina malaria, utapiamlo na uzazi wa kushughulikia. Hoja hiyo isidharauliwe. Uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2012, uliwapima zaidi ya wazee 2,000 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, na ulikuta fibrilesheni kwa chini ya mmoja katika kila 100. Hicho ni kiwango kidogo kuliko cha Ulaya. Lakini katika wazee wa wilaya hiyo hiyo, karibu 7 kati ya kila 10 walikuwa na shinikizo kubwa la damu, ambalo ni mama wa magonjwa ya moyo. Tena, idadi ya wagonjwa waliopatikana majumbani haitaji wale waliokwisha kufa wakiwa vijana. Katika hospitali hali ni nyingine. Kati ya wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kazi waliofuatiliwa Muhimbili mwaka 2012 na 2013, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, wenye fibrilesheni walikuwa 16 katika kila 100. Chanzo kikubwa cha kushindwa kwa mioyo hiyo kilikuwa shinikizo la damu, kwa watu 45 katika kila 100, na homa ya baridi yabisi ilikuwa na watu 12 katika kila 100.

Na hata kama wagonjwa ni wachache, uchache huo ni sababu ya kuwatafuta. Kazi ya kuwatambua haidai kampeni ya mabilioni. Inadai kwamba kila mtu mzima anayefika zahanati kwa sababu yoyote ashikwe mkono na kuhesabiwa mapigo. Anayekwenda kwa malaria ahesabiwe. Mama anayehudhuria kliniki ya wajawazito ahesabiwe, kwa kuwa ujauzito ndio wakati ambao vali iliyosinyaa hujidhihirisha kwa kishindo. Kazi inayofanywa pamoja na kazi nyingine haiongezi gharama, inaongeza uangalifu.

Wengine watasema mashine ndiyo dawa, na kwamba ikinunuliwa ECG moja kwa kila kituo tatizo limekwisha. Hapo pia pana hatari. Mashine isiyo na karatasi, isiyo na mtu wa kuisoma, na isiyo na njia ya kupeleka karatasi hiyo kwa mtaalamu, si chombo cha tiba bali ni samani ya ofisi. Ni wajibu wa maofisa wa halmashauri za wilaya, wanapopanga bajeti, kuweka katika ukurasa mmoja mashine, karatasi zake, mafunzo ya matabibu wawili au watatu, na mtu anayejulikana wa kuulizwa katika hospitali ya mkoa. Siku hizi picha ya karatasi hiyo husafiri kwa simu ya mkononi kwa dakika moja kutoka Mbinga hadi Songea au Dar es Salaam. Hakuna kisingizio cha umbali kwa jambo ambalo simu inaliweza.

Jambo jingine ni dawa. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliohusu zaidi ya wagonjwa 4,500 wa nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wote wenye fibrilesheni pamoja na moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi. Wengi walitarajia kwamba rivaroksabani, dawa mpya isiyohitaji vipimo vya mara kwa mara, ingeishinda dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda, yaani wafarini na jamaa zake. Ikawa kinyume. Waliotumia dawa ya zamani walikufa wachache zaidi. Somo lake ni zito kwa nchi kama Tanzania. Dawa bora kwa mgonjwa wa namna hii ni ile ya bei nafuu, lakini ni dawa yenye masharti. Ikizidi, mgonjwa huvuja damu. Ikipungua, hupata kiharusi. Lazima damu ipimwe mara kwa mara. Lazima mgonjwa aelezwe kwamba mboga za majani kama mchicha na matembele hubadili nguvu ya dawa hiyo, na kwamba hatakiwi kuziacha bali kula kwa kiasi kisichobadilika. Mwanamke anayetarajia kuzaa lazima aonane na mganga mapema, kwa kuwa wafarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Sasa, mgonjwa anayeandikiwa wafarini Dar es Salaam akarudishwa kijijini ambako hakuna pa kupima damu yake, amepewa panga bila mpini. Hapana budi kipimo hicho kisogezwe karibu, kiwepo angalau katika hospitali ya wilaya, na katika hospitali za mashirika ya dini ambazo kwa miaka mingi zimewahudumia watu wa Ruvuma, kama zile za Peramiho, Litembo na Liuli. Kipimo hicho ni tone la damu la kidole na mashine ndogo ya kushikwa mkononi. Kukileta Mbinga ni rahisi kuliko kumpeleka mkulima Dar es Salaam kila mwezi.

Walimu nao wana sehemu yao, na huenda ndiyo kubwa kuliko zote. Mtoto hukaa na mwalimu saa nyingi kuliko anavyokaa na mganga katika maisha yake yote. Mwalimu ndiye anayemwona mwanafunzi aliyekuwa hodari wa mpira akianza kujitenga, akihema baada ya kukimbia nusu ya uwanja. Mwalimu ndiye anayejua nani hukosa shule kwa sababu ya goti lililovimba wiki hii na kiwiko wiki ijayo. Zaidi ya hayo, homa ya baridi yabisi wakati mwingine hushambulia ubongo, na mtoto huanza kurusharusha mikono bila kukusudia, hudondosha vitu, hukunja uso, na mwandiko wake uliokuwa mzuri huharibika ghafla. Mtoto kama huyo akiadhibiwa kwa utundu au uchafu wa daftari, ameonewa mara mbili. Anachohitaji ni barua ya mwalimu kwenda zahanati.

Akifikishwa huko mapema, tiba yake ni ya kawaida kabisa. Koo lenye bakteria likitibiwa kwa penisilini ndani ya siku 9 tangu lianze kuuma, homa ya baridi yabisi huzuilika. Aliyekwisha kuugua homa hiyo huchomwa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi, ili isirudi kuongeza kovu juu ya kovu. Kila shule yaweza kuwa na daftari la watoto wa namna hiyo, na mwalimu wa afya akamkumbusha mtoto siku yake ya sindano kama anavyomkumbusha siku ya mtihani.

Pasiwepo anayesema kwamba kazi hii ni ngeni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya takribani watu wazima milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio vijijini. Walisoma, walijadiliana, kisha walichimba vyoo na kusafisha visima. Viongozi wa vikundi hivyo hawakuwa mabingwa wa tiba. Walikuwa walimu, mabwana shamba, makatibu wa matawi na wanavijiji waliojua kusoma. Taifa lililoweza kuwafundisha mamilioni ya watu juu ya minyoo na mbu kwa redio na vitabu vidogo, leo likiwa na redio za mikoa, simu na shule kila kata, haliwezi kusema limeshindwa kufundisha jinsi ya kuhesabu mapigo ya moyo.

Mkulima wa Umatengo hahitaji kufundishwa hekima iliyomo humo. Wazee wake walijua tangu zamani kwamba mvua ya milimani haingojwi bondeni. Walichimba ngoro, mashimo yenye kingo za majani na udongo, ili maji yashikwe pale pale yanapoangukia na udongo usitoroke. Aliyeacha kuchimba ngoro juu ya mlima hana haki ya kushangaa korongo linapofunguka chini. Ugonjwa wa atria ya kushoto ni korongo la namna hiyo. Huonekana Muhimbili, lakini huanzia katika koo la mtoto na katika zahanati ambayo haikumshika mtu mkono.

Bunge lilipitisha mwaka 2023 Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na madhumuni yake ni kwamba umaskini usiwe kizuizi cha tiba. Madhumuni hayo ni mema, nayo yanaendana na msimamo wa Chama tangu siku za kupambana na ujinga, maradhi na umaskini. Lakini bima hulipia ugonjwa uliotambuliwa. Ugonjwa ambao haukupata jina haulipiwi na bima yoyote; hulipiwa na familia, kwa kiharusi cha mama au kifo cha baba.

Kwa hiyo basi, mambo manne yanatakiwa, na hakuna hata moja lililo juu ya uwezo wa nchi hii. Kila zahanati ihesabu mapigo ya kila mtu mzima kwa dakika nzima na kuyaandika katika daftari. Kila hospitali ya wilaya iwe na kipimo cha umeme wa moyo kinachofanya kazi, mtu wa kukisoma, na kipimo cha damu kwa wanaotumia wafarini. Kila shule imjue mtoto mwenye homa ya baridi yabisi na siku yake ya sindano. Na wataalamu wa Taasisi ya Moyo waendelee na utaratibu wa tiba mkoba wa kutembelea mikoa, wakitibu na pia kuwafundisha matabibu wa wilaya, ili wanapoondoka waache ujuzi nyuma yao.

Viongozi wa Chama katika kata na matawi wana wajibu wa kuuliza. Katika vikao vyao wamezoea kuuliza habari za madawati, barabara na pembejeo, na ni vyema. Waulize pia ni watu wangapi waliohesabiwa mapigo katika zahanati ya kijiji mwezi uliopita, ni wangapi waliopelekwa hospitali ya wilaya, na ni wangapi waliorudi wakiwa na jibu. Mtumishi aliyefanya kazi yake atafurahi kuulizwa. Asiyeifanya ataanza kuifanya, na hapo ndipo mkulima wa Namswea atakapokuwa na sababu ya kujivunia Taasisi ya Moyo kama ilivyo haki yake.